Gari Letu la Kulala Limetutesa Njia Nzima

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu tulinunua matatu ya zamani ya dizeli, ya viti 14. Tuling'oa viti, tukaweka kitanda, kabati, jiko la gesi, friji ndogo na tangi la maji la lita 150. Likizo ya Agosti tukawapeleka watoto Taita kwa njia ya Kaloleni. Tulilala Voi, asubuhi gari likakataa kuwaka, vijana wakatusukuma. Kutoka Mwatate kupanda Wundanyi likachemsha, tukaongeza maji ya tangi, maji ya kisima chetu. Fundi wa huko akatoa themostati akasema basi, halitachemsha tena. Mlima uliofuata likachemsha vilevile. Tukirudi, karibu na Kaloleni, tairi la nyuma kushoto likapasuka, na meno yake bado mazima. Mume wangu anataka tuliuze. Je, injini imekufa? Nimekutumia picha.
Mama wa watatu, Shela, Malindi

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni sana. Kwa uliyoniandikia sioni dalili ya injini iliyokufa. Mwambie mzee asiuze kwanza. Gari hilo lilizoea kubeba abiria. Sasa limebeba nyumba, na nyumba haishuki kituoni.

Nianze na kuchemsha, maana hapo ndipo roho inaniuma. Hii tabia ya kutoa themostati nimepigana nayo miaka mingi. Themostati ni kilango: injini ikiwa baridi hufunga, maji yakifika nyuzi 82 hivi hufunguka yapite kwenye rejeta yakapoe. Katika injini nyingi, kilango hichohicho kikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukikitoa, njia ile inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka bila kupoa. Wala usishangae mlivyochemsha mara ya pili. Nunua mpya, na kabla haijafungwa itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka uione ikifunguka kwa macho yako.

Ila chanzo chenyewe nadhani ni maji, kama rejeta mmekuwa mkiijazia ya kisima tangu zamani. Visima vyetu vya Malindi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Yakipata moto yanaacha utando mweupe uleule unaouona ndani ya birika lako, na vijia vyembamba vya rejeta vinaziba. Niliwahi kufungua rejeta ya mteja wa hapa mjini aliyekuwa akijazia ya kisima. Nikimimina maji juu, chini yanatoka matone. Mizunguko ya mjini gari lake halikuchemsha hata siku moja. Lilichemsha siku lilipopakia mawe. Lako limekutana na Wundanyi, ndiyo hayohayo. Rejeta izibuliwe, mfuniko ubadilishwe (mpira wake ukilegea, shinikizo linapotea na maji yanachemka mapema), kisha tia kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, si asidi. Na likichemsha tena na watoto wamo ndani, nakusihi, usifungue mfuniko mpaka injini ipoe kabisa. Nimeona uso ulioungua kwa mvuke ule.

Betri ni jambo dogo. Kwenye picha friji, feni na taa vyote vinanyonya betri ileile ya stata, ya kuwashia injini. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kulisha friji usiku kucha. Weka betri ya pili ya kuhimili matumizi ya pole pole, na rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuziunganisha injini ikiwa inanguruma tu. Ukipima asubuhi betri nzima isome volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Ikishindwa kufika hapo, tazama altaneta inayochaji betri na mkanda unaoizungusha.

Sasa tairi. Meno si umri. Ubavuni picha yako inaonyesha 1216, yaani limetengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo, kwenye jua letu, umeshakauka ndani. Halafu nikaona tangi liko wapi: nyuma ya ekseli (chuma kinachobeba magurudumu), upande wa kushoto, kabati na mtungi wa gesi pembeni yake. Lita 150 ni kilo 150, na sehemu kubwa inalalia tairi lilelile lililopasuka. Utaniuliza mbona abiria 14 walikuwa wazito zaidi. Ni kweli, lakini wao walikaa wametawanyika gari zima.

Hamisha tangi likae katikati, mbele ya ekseli ya nyuma. Nunua matairi mapya yenye herufi C baada ya kipimo, yale ya kubeba mizigo, na usisahau spea. Na mkirudi Wundanyi, ondokeni Malindi na lita 20 za kunywa tu. Tangi mtalijaza mkishafika juu. Maji ya milima ile ni matamu kuliko yetu.