Barua kwa mwanangu: nani hulipwa kwanza katika filamu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu. Unaniambia kwamba kampuni moja inataka kununua skripti yako kwa malipo ya mara moja pamoja na asilimia 5 ya faida halisi, na kwamba wenzako wanne uliosoma nao wanataka muitengeneze wenyewe kwa fedha ambazo bado hamjazipata. Kisha unauliza tasnia ya filamu inaendeshwaje hasa, na inakuwaje filamu iliyoingiza mamia ya mamilioni ya dola iandikwe kuwa ina hasara. Nimetunza hesabu za utayarishaji wa filamu kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua, yaani upande wa fedha na mikataba. Kuhusu skripti yenyewe nimekwisha kukwambia kwamba ninaiamini, na ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu.

Anza na tarakimu za mapato ya filamu zinazotangazwa kila Jumatatu. Hizo ni pesa za tiketi zilizolipwa mlangoni, wala si fedha zilizoifikia studio. Kumbi za sinema hubaki na takriban nusu, na katika nchi nyingine hubaki na zaidi. Nchini China, studio za nje hupata kama robo tu ya tiketi. Chukua mfano wa filamu iliyogharimu dola milioni 100 kuitengeneza na milioni 70 kuitangaza na kuisambaza. Ikiuza tiketi za dola milioni 250, studio inapokea kama milioni 125, na hapo bado ina pengo la milioni 45 ambalo itabidi lizibwe polepole na mauzo ya televisheni, ya mtandaoni na ya bidhaa. Kwa hiyo mtu anayesema filamu hiyo imeingiza zaidi ya mara mbili ya gharama za kuitengeneza anasema kweli, na mhasibu anayesema haijarudisha fedha naye anasema kweli.

Gharama ya matangazo ndiyo inayotenganisha filamu kubwa na nyingine zote, kuliko hata mishahara ya nyota. Zamani studio za Marekani hazikuhitaji kumbembeleza mtazamaji kiasi hiki, kwa sababu zilimiliki kumbi zenyewe na ziliwalazimisha wenye kumbi nyingine kununua filamu kwa mafungu, nzuri na mbaya pamoja. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilizikatalia, katika kesi iliyobeba jina la studio ya Paramount, na studio zikalazimika kuachana na kumbi zao. Tangu hapo kila filamu ilibidi ijiuze yenyewe. Kisha studio ya Universal ikaitoa filamu ya Jaws tarehe 20 Juni 1975 katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, baada ya kuitangaza kwa nguvu kwenye televisheni ya nchi nzima, ilhali desturi ilikuwa kuanza na kumbi chache za miji mikubwa na kuacha sifa zisambae. Njia hiyo ilifanikiwa mno, na ikawa kanuni. Leo filamu kubwa hufunguliwa katika maelfu ya kumbi, na wikiendi ya kwanza huamua mengi, kwa kuwa matangazo yote yameelekezwa kwenye siku hizo tatu. Unaponiuliza kwa nini studio hurudia hadithi zilezile kwa sehemu ya pili, ya tatu na ya nne, jibu liko hapa: jina ambalo watu wanalijua tayari limefanya nusu ya kazi ya tangazo. Sidhani kwamba wakuu wa studio hawapendi hadithi mpya. Wengi niliokutana nao wanazipenda, ila hawawezi kuweka rehani dola milioni 70 za matangazo juu ya jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Sasa nifike kwenye asilimia zako 5. Fedha ya filamu hutiririka kama maji ya mfereji yanayopita shamba baada ya shamba, na wa juu hunywesha kwanza. Baada ya kumbi kuchukua chao, msambazaji hukata kamisheni yake, ambayo mara nyingi ni karibu asilimia 30 ya kilichobaki. Kisha hurudisha gharama zote za matangazo na nakala za filamu. Halafu hulipwa mkopo wa utayarishaji pamoja na riba, na ada ya uendeshaji wa ofisi za studio yenyewe, na wakati mwingine nyota mwenye nguvu huwa amekwisha kulipwa mbele yao, kwa kuwa mkataba wake unampa sehemu ya mapato ghafi, yaani kabla ya makato hayo. Mwisho kabisa wa mfereji ndipo linapokaa shamba linaloitwa faida halisi. Mimi nimeandaa taarifa za namna hiyo robo mwaka baada ya robo mwaka, na sikumbuki hata moja ambayo mwandishi aliyeahidiwa faida halisi aliona tone.

Usidhani hili ni neno la mama mwenye hofu. Mwandishi Art Buchwald aliishtaki Paramount kuhusu Coming to America, filamu ya mwaka 1988 ambayo mahakama ilikubali kwamba ilitokana na wazo lake. Filamu hiyo iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 280 duniani, lakini hesabu za studio zilionyesha kwamba faida halisi haikuwepo. Mwaka 1990 hakimu alisema kwamba baadhi ya vipengele vya hesabu hiyo havikuwa vya haki hata kidogo, na shauri likaishia kwa malipo ya suluhu. Fomula zenyewe hazikufa. Maneno ya mkataba ulionitajia, nikiyasoma, nayatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wa jirani.

Linganisha na alichofanya mwongozaji George Lucas. Alipokuwa akipatana na studio ya 20th Century Fox kuhusu Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, hakusukuma mshahara wake uongezwe. Aliomba haki za bidhaa na za filamu za kufuatia, vitu ambavyo wakati huo vilionekana kuwa na thamani ndogo. Mwaka 2012 kampuni yake ilinunuliwa na Disney kwa zaidi ya dola bilioni 4. Najua wewe si Lucas, na wala sikuahidi mabilioni, lakini angalia mahali alipoliweka jicho lake: kwenye umiliki.

Nakuja kwa wenzako wanne, na hapa nina mengi zaidi ya kusema, kwa sababu nadhani mnaiona filamu huru kama njia ya kukwepa biashara. Biashara ni ileile, ila mpangilio wake umegeuzwa. Studio hutoa fedha zake, hutengeneza, kisha huuza. Mtayarishaji huru huuza kwanza ili apate fedha ya kutengeneza. Huenda kwenye masoko ya filamu, kama lile linaloendeshwa sambamba na tamasha la Cannes, akiwa na skripti, jina la mwongozaji na pengine mwigizaji mmoja anayejulikana, na wakala wake wa mauzo hupatana na wasambazaji wa nchi moja moja. Wasambazaji huahidi kulipa kiasi fulani filamu itakapokabidhiwa. Ahadi hizo hupelekwa benki, na benki hukopesha juu yake. Benki nayo haitatoa senti kabla kampuni ya dhamana haijaahidi kwamba filamu itakamilika kwa wakati na ndani ya bajeti, na kampuni hiyo hutoza asilimia 2 au 3 ya bajeti na huwa na haki ya kumwondoa mwongozaji akichelewa. Kwa hiyo hata aliye huru ana wakubwa wake, tena wengi, na kila mmoja ana foleni yake kwenye mfereji.

Kuna nchi ambazo serikali imejenga njia nyingine. Ufaransa, tangu mwaka 1946, ina taasisi ya sinema iitwayo CNC, ambayo hugharimiwa kwa sehemu na ushuru wa kila tiketi, hata tiketi za filamu kubwa za Marekani, na fedha hizo huwasaidia watayarishaji wa filamu mpya. Mpango huo naupenda sana, na mkipata mshirika wa huko utawafaa.

Ikiwa bajeti ni ndogo mno kwa benki, kama yenu itakavyokuwa, njia inayobaki ni kutengeneza kwanza na kutafuta mnunuzi kwenye matamasha. Mnaitaja filamu ya The Blair Witch Project, nami siwalaumu. Ilirekodiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 1999, ikanunuliwa na msambazaji kwa karibu dola milioni 1.1, na ikauza tiketi za karibu milioni 250. Lakini soma na ukurasa wa nyuma. Mwaka 2024 waigizaji wake watatu wakuu walitoa barua ya wazi wakidai kulipwa wanachostahili kwa kazi iliyowatajirisha wengine. Na kumbuka kwamba miaka ya karibuni Sundance hupokea filamu ndefu zaidi ya 4,000 na kuchagua kama 90, na hata kati ya hizo 90 si zote zinazopata mnunuzi.

Jambo linalonisumbua zaidi kuliko hesabu hiyo ni makaratasi. Night of the Living Dead ya mwaka 1968 ilitengenezwa na vijana wasio na studio, kwa zaidi kidogo ya dola 100,000. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki liliachwa nje ya nakala mpya, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo filamu ikawa mali ya umma. Kila mtu aliweza kuiuza bila kuwalipa. Sheria hiyo imebadilika, lakini uzembe haujabadilika. Nilifanya kazi katika filamu moja ndogo, nzuri kupita nyingi, iliyoshinda tuzo mbili na kupata mnunuzi. Wimbo wa mwisho, wa dakika mbili, ulikuwa umelipiwa haki ya kuonyeshwa kwenye matamasha tu. Mwenye wimbo alitaka fedha iliyozidi bei ya filamu nzima, mwongozaji alikataa kuubadilisha, na mnunuzi akaondoka. Filamu ile iko kwenye diski kuu kabatini kwa mtu. Hilo bado linaniuma.

Kuhusu majukwaa ya mtandaoni nitasema machache. Netflix ilipoanza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007, ililipia haki za filamu za wengine. Baadaye yeye na wenzake wakaanza kugharimia zao, kwa kulipa gharama na nyongeza kidogo, kisha kumiliki kila kitu. Mfereji pale hauna mashamba ya chini kabisa: umelipwa, umemaliza. Malipo ya kurudiarudia ambayo waandishi na waigizaji waliyazoea kwenye televisheni yalipungua mno, na hilo lilikuwa miongoni mwa sababu za migomo ya mwaka 2023, ambapo waandishi wa Marekani waligoma kwa siku 148 na waigizaji kwa siku 118.

Basi, kwa upande wako. Kampuni ile usiikatae, ila iombe malipo makubwa zaidi ya mwanzo badala ya zile asilimia 5, au asilimia ndogo ya mapato ghafi, na omba skripti irudi kwako kama haijarekodiwa ndani ya miaka 3. Wakikataa yote matatu, wamekujibu. Kwa wenzako, andikeni sasa, kabla ya kukodi kamera, nani anamiliki nini na nani analipwa baada ya nani, kila mmoja atie saini, pamoja na atakayewapa muziki. Mkishindwa kuandika karatasi hiyo mkiwa marafiki na bila fedha, hamtaiweza fedha ikiingia.

Nitumie mkataba wa kampuni, hasa kiambatisho kinachoeleza maana ya faida halisi. Kama hukupewa, kiombe kesho asubuhi na usitie saini mpaka nikisome.

Nakupenda,
Mama yako