Fidia kazini: maswali ya watu wa asasi

Barua za safari hii zimetoka kwa waendeshaji wa asasi zisizolenga faida, na karibu zote zinauliza kuhusu bima ya fidia kwa wafanyakazi.

Sisi hatugawani faida. Kwa nini tubanwe kama kiwanda?

Mgongo wa anayebeba maboksi stoo haujui kama mwajiri wake ana wanahisa. Sheria huangalia kama kuna mwajiri na mwajiriwa, basi. Ujerumani ilipitisha sheria ya namna hii mwaka 1884, Uingereza ikafuata 1897, na msingi ni uleule hadi leo: aliyeumia halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anatibiwa, analipwa sehemu ya mshahara akiwa nje ya kazi, na akifariki wategemezi wake wanalipwa. Katika nchi nyingi mwajiri naye hupata kinga dhidi ya kesi ya madai kuhusu ajali hiyo. Kuna sheria zinazowasamehe waajiri wenye watu wachache sana, lakini usijisamehe mwenyewe kabla hujaisoma ya kwenu.

Tuna waajiriwa watatu na watu arobaini wanaojitolea. Hao arobaini wamo?

Kwa kawaida hawamo, na hapa ndipo asasi nyingi huumbuka. Fungua hati yenu ya bima, tafuta sehemu inayoeleza maana ya "mfanyakazi". Kama wanaojitolea hawatajwi, mwombeni wakala kiambatisho cha kuwaongeza, au wakatieni bima ya ajali binafsi. Hiyo ya pili ni nafuu, ila mara nyingi huishia kwenye matibabu na kiasi maalumu cha ulemavu au kifo. Kipato alichopoteza mtu kwenye ajira yake nyingine huwa hakiguswi. Wala msitegemee bima ya dhima kwa umma, maana hiyo ni ya mpita njia aliyeangukiwa na bango lenu.

Sasa tuzungumzie posho. Niliwahi kupitia vitabu vya asasi moja nikakuta "nauli ya wanaojitolea": kiasi kilekile kwa kila mtu, kila tarehe 28, bila tiketi hata moja, na wote wametia sahihi kwenye karatasi ya mishahara. Ukimrudishia mtu nauli aliyotumia, bado anajitolea. Ukimlipa kiasi kisichobadilika kila mwezi na kumpangia zamu, mkaguzi anaweza kumhesabu kuwa mwajiriwa, na mtadaiwa ada ya bima ya nyuma.

Ada inapigwaje?

Aghalabu kwa jumla ya mishahara na hatari ya kazi. Tuseme karani ana kiwango cha 0.5 kwa kila 100 ya mshahara na dereva ana 4. Kwa mshahara wa 600,000 kila mmoja, karani anawagharimu 3,000 na dereva 24,000. Ndiyo maana kuwaandika wote "wafanyakazi wa nje ya ofisi" ni kujiumiza. Kuwaandika wote makarani nako ni udanganyifu. Na kama ada ilikadiriwa mwanzoni mwa mwaka, tengeni kitu kwa ajili ya marekebisho: mkiajiri katikati ya mwaka, ankara itaongezeka.

Mhudumu aliteleza ngazini, akasema "si kitu". Tuandike?

Andikeni siku hiyohiyo: saa, mahali, nani alishuhudia, kiungo gani kiliguswa. "Si kitu" ya Jumatatu huweza kuwa goti lililovimba Ijumaa, na muda wa kutoa taarifa una kikomo.

Fundi tuliyempa kandarasi ya paa, akianguka?

Mwombeni hati ya bima yake kabla hajapanda, mhakikishe haijaisha muda. Kama hana, kuna sheria zinazomhamishia aliyempa kazi mzigo huo.

Mfadhili ameikata bima kwenye bajeti yetu.

Mliiweka wapi? Ikikaa kwenye "mengineyo", hukatwa ya kwanza. Ihamishieni kwenye gharama za ajira, chini ya mshahara wa kila nafasi, kwa asilimia ya muda ambao mtu huyo anautumia kwenye mradi, kisha mrudishieni mfadhili bajeti.