Moli za nini? Jibu kwa swali la maji ya fuwele katika sodiamu kaboneti

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasoma kidato cha tatu na nimekwama kwenye swali hili la mazoezi. Gramu 3.575 za fuwele za sodiamu kaboneti, Na₂CO₃·xH₂O, ziliyeyushwa katika maji hadi kufikia ujazo wa 250 cm³. Kila 25 cm³ za myeyusho huo zilihitaji 25.0 cm³ za asidi hidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), kiashiria kikiwa methili oranji (dutu inayogeuka rangi asidi inapotosha). Tunatakiwa kutafuta x, yaani idadi ya molekuli za maji kwa kila Na₂CO₃ moja. Nilipata moli 0.0025 katika 25 cm³, kwa hiyo moli 0.025 katika 250 cm³, nikagawa 3.575 kwa 0.025 nikapata 143. Nikatoa 106, nikagawa 37 kwa 18, nikapata 2.06, nikaandika 2. Kitabu kinasema 10. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umefanya vyema kuandika hatua zako zote, maana bila hizo ningekuonyesha njia yangu tu na kosa lako lingebaki palepale. Kugawa, kuzidisha na kutoa kwako ni sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata ule uangalifu wa kuzidisha kwa 10 ili kutoka 25 cm³ hadi 250 cm³, ambao wanafunzi wengi huusahau. Kosa ni moja, nalo limejificha katika maneno yako ya kwanza, “moli 0.0025”, kwa sababu hukusema ni moli za nini.

Muuza nguo akikuambia kwamba ameleta korja, unajua kwamba ni nguo 20, lakini hujui kama ni kanga, vitenge au shuka mpaka umuulize korja ya nini. Moli ni neno la aina hiyohiyo. Ni hesabu ya chembe, 6.02214076 × 10²³ kwa kila moli, na hesabu isiyotajiwa kitu kinachohesabiwa haina maana katika kemia. Ulizidisha 0.1 kwa 25.0 ukagawa kwa 1000, ukapata 0.0025, namba hizo mbili zote ni za asidi, kwa hiyo hizo ni moli za asidi hidrokloriki iliyotoka katika bureti, ile mirija yenye vipimo inayodondosha asidi. Mstari uliofuata ukazichukua kana kwamba ni moli za kaboneti iliyokuwa katika chupa ya koni, na hapo ndipo hesabu ilipopotea.

Kinachounganisha vitu hivyo viwili ni mlinganyo uliosawazishwa:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Ioni ya kaboneti ina chaji hasi mbili na hupokea ioni mbili za haidrojeni kabla ya kuvunjika na kuwa maji na gesi ile unayoiona ikitoa mapovu. Kila kaboneti moja inadai asidi mbili, kama kanga zinavyouzwa kwa doti. Basi moli 0.0025 za asidi zilikutana na moli 0.00125 za kaboneti katika 25 cm³, na katika 250 cm³ zilikuwapo moli 0.0125. Ukigawa 3.575 kwa 0.0125 unapata 286, ambayo ni masi ya moli moja ya fuwele. Toa 106 za Na₂CO₃, zinabaki 180 za maji, na 180 ukigawa kwa 18, masi ya moli moja ya maji, unapata 10.

Ningependa tukae kidogo kwenye ile 2.06 yako, kwa kuwa ndiyo sehemu ya swali hili inayonigusa zaidi. Kama kosa lako pekee lingekuwa kusahau kuzidisha kwa 10, ungepata x ya 153, ukashtuka na kurudi nyuma mwenyewe. Lakini 2.06 iko karibu sana na namba nzima, hivyo inaonekana kama jibu. Dawa yake ni kulirudisha jibu katika swali. Tuseme x ni 2: masi ya moli moja itakuwa 142, gramu 3.575 zitakuwa moli 0.0252 hivi, katika 25 cm³ zitakuwamo moli 0.00252, na asidi itakayohitajika ni moli 0.00504, yaani zaidi kidogo ya 50 cm³. Swali linasema 25.0 cm³. Bureti ya kawaida ya shuleni hubeba 50 cm³, kwa hiyo jibu lako lingekulazimu kuijaza mara ya pili kabla rangi haijageuka. Jaribu hivyohivyo kwa 10, utaangukia 25.0 cm³ kamili.

Usipite haraka pia kwenye kiashiria kilichotajwa. Mimi hufanya kazi katika maabara ya kupima maji, na taitresheni ya namna hii, yaani kuongeza asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke, ili kutafuta ualkali wa maji (uwezo wake wa kutosheleza asidi), ni kazi yetu ya kila siku. Tukitumia fenolfthaleini, rangi ya waridi hupotea kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya 8.3 hivi, wakati kila kaboneti imepokea ioni moja tu ya haidrojeni na kuwa haidrojenikaboneti. Methili oranji hugeuka kati ya pH 4.4 na 3.1, kaboneti ikiwa imepokea ioni zote mbili. Uwiano wa moja kwa moja ulioutumia ungekuwa sahihi kwa fenolfthaleini, ila asidi ingesomeka karibu 12.5 cm³. Maneno “kiashiria kikiwa methili oranji” ndiyo yanayokuambia utumie 2.

Tangu sasa, kila unapoandika namba, andika mbele yake kizio, jina la dutu na mahali ilipo: “0.0025 mol HCl, kutoka bureti”, “0.00125 mol Na₂CO₃, katika 25 cm³”. Ukurasa utajaa upesi zaidi, lakini hutaweza kuhamisha moli za asidi kwenda kwa kaboneti bila mkono wako kusita.

Jipime na hili. Fuwele hizo zikiachwa wazi hewani hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kugeuka unga mweupe. Gramu 1.55 za unga huo ziliyeyushwa hadi 250 cm³, na kila 25 cm³ zilihitaji 25.0 cm³ za asidi ileile ya 0.1 M, kwa methili oranji. Tafuta x. Ukirudia kosa la mwanzo utapata masi ya moli ya 62, ambayo ni ndogo kuliko 106 za kaboneti yenyewe, na x itatoka hasi. Ukitenganisha moli za asidi na za kaboneti, x itakuwa 1.