Jibu: Vichekesho vya zamani vilipenyaje kwenye udhibiti?

Ndugu, umeuliza vichekesho vya Hollywood viligusaje mambo ya mwiko ilhali udhibiti ulikuwa mkali. Kanuni za Hays, yaani kanuni za maadili ambazo studio za Hollywood zilijiwekea, zilizoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza hata kudokeza mapenzi ya jinsia moja, na mkosaji alipaswa kuadhibiwa kabla filamu haijaisha.

Sasa chukua filamu Some Like It Hot ya mwongozaji Billy Wilder (1959). Wanamuziki wawili wanashuhudia mauaji ya magenge Chicago, wanavaa kike na kujificha kwenye bendi ya wanawake. Mavazi ni ya kuokoa roho tu, lakini mmoja wao, anayeigizwa na Jack Lemmon, anachumbiwa na tajiri mwanamume anayemdhani ni mwanamke, na anaifurahia posa kwelikweli! Mwishoni anavua wigi na kukiri kuwa ni mwanamume. Tajiri wala hashtuki. Kwangu mimi ujasiri wote uko hapo: hakuna anayetubu wala kuaibishwa. Filamu ilitoka bila kibali cha kanuni hizo na bado ikajaza kumbi.

Ukiitazama, mwangalie Lemmon akimtangazia mwenzake uchumba huo. Wilder alimpa manyanga ayatikise katikati ya sentensi, ili vicheko vya watazamaji visimeze maneno.