Matusi Hayapunguzi Kilo

Mama, Katuba (Lubumbashi): Binti yangu ana miaka 19 na ananenepa tu. Namwita "pipa" mbele ya wadogo zake ili apate haya. Nikinyamaza si atazidi?

Mama, acha leo hii. Watafiti wa University College London walifuatilia watu wazima karibu 3,000 wa Uingereza kwa miaka 4, wakatoa matokeo mwaka 2014. Waliosema wanadharauliwa kwa unene waliongezeka karibu kilo 1. Wasiodharauliwa walipungua kidogo. Anayeaibishwa hula kwa kujificha, huona haya kutembea barabarani, na akiugua huchelewa kwenda hospitali kwa kuwa anajua atasimangwa kabla ya kupimwa. Pika chungu kimoja cha nyumba nzima: mawese kidogo katika sombe, bonge dogo la bukari kwa kila mtu, sukre (soda) ibaki ya sikukuu. Tembea naye jioni. Mpeleke apimwe sukari na tezi ya shingo. Umwombe msamaha mbele ya wadogo zake walewale.

Kampemba: Wanene si wavivu tu?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, na wanaoliuliza hawasomi jibu. Kuna urithi, usingizi mchache, dawa, mawazo, bei ya chakula. Mama anayepanga unga sokoni tangu alfajiri, mvivu ni nani?

Dada, komini ya Kenya (Lubumbashi): Shangazi anasema nimekonda, sitaolewa. Vidonge vya kunenepesha ni salama?

Usimeze. Mara nyingi ni deksametazoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa. Kama umeshaimeza muda mrefu, usiikate ghafla, maana unaweza kuzimia, hata kufa. Mwone munganga wa hospitali akupunguzie polepole. Na shangazi huyo, ukinenepa, atakusimanga kwa unene.

Ruashi: Kwa hiyo munganga asiseme ukweli juu ya uzito?

Aseme, ni kazi yake. Unene unaleta presha, kisukari na maumivu ya magoti. Mtu wa kilo 100 akipungua 5 tu, presha na sukari huanza kutulia. Hilo mgonjwa anastahili kulisikia. Ila amwulize kwanza kama yuko tayari kuongea, na mlango ufungwe. Mwaka 2020 mashirika mengi ya madaktari duniani yalitia sahihi tamko kwamba kudharau wanene kunaharibu afya yao. Muuguzi anayetangaza kilo za mtu mbele ya foleni anatoa siri ya mgonjwa. Mshitakini kwa daktari mkuu.