Achari ya biringani kutoa maji

Salaam dada. Umesema achari yako ya biringani hutoa maji na kuchacha upesi. Angalia kwanza kama uliyakamua mabiringani. Mimi hapa Lamu huyakata vidogo, nikayatia chumvi, nikayaacha kwenye chujio nusu saa, kisha nikayakamua kwa kitambaa kwa nguvu zote. Ndipo nayakaanga mpaka yawe rangi ya kahawia, natia thomu (kitunguu saumu), tangawizi na pilipili mbuzi, siki mwisho. Ukitia ukwaju, uroweke kwa siki, maji usitie hata tone. Chupa iwe kavu, na uiweke kwenye friji.

Na hilo ulilosema, kwamba waona vibaya kujipikia ukiwa peke yako, liache. Mimi hungoja alasiri nyumba iwe tupu, nikala achari yangu na mkate wa mofa bila kusemeshwa na mtu. Raha tupu!