Maswali ya Wasomaji: Kumtambulisha Mchoraji wa Picha Dhahania

SWALI: Assalaam aleikum. Mtaa wetu una maonyesho ya picha baada ya masika. Nimepewa kazi ya kumtambulisha mama mmoja anayechora picha dhahania, yaani za rangi na maumbo tu bila sura ya kitu, na ndiye pia aliyechagua na kupanga kazi za wenzake. Nahofu watu watauliza, "Hii picha ya nini?" Niseme nini?
Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam. Watauliza, na wana haki. Usiwajibu kwa kubuni maana. Ukisema nyekundu ni hasira na buluu ni bahari, umewategulia kitendawili, na hakuna atakayetazama tena.

Sema mkono umefanya nini. Siku chache kabla, keti na mama huyo mbele ya picha moja, umuulize: alianza na rangi gani? Matabaka mangapi yamo? Wapi amekwangua, na kwa kifaa gani? Alijuaje kuwa imekwisha? Majibu yake ndiyo hotuba yako. "Chini kuna rangi ya udongo, ilipokauka akapaka buluu nzito, kisha akaikwangua kwa kisu hapa kushoto mpaka udongo ukachungulia." Sentensi kama hiyo humfanya hata aliyekaa nyuma asogee aone. Wapemba hawajashindwa kusoma rangi zisizo sura: tandika mkeka wa ukili uliotiwa rangi, papo hapo utaambiwa ipi imezidi. Waombe watazame kwa jicho hilo hilo.

Kazi yake ya kupanga maonyesho usiitaje mwisho mwisho kama nyongeza. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, alipanga maonyesho ya wanawake wasanii weusi na wa asili ya Asia katika ukumbi wa ICA (Taasisi ya Sanaa za Kisasa), London, mwaka 1985. Picha zake nyingi zina watu, si dhahania, lakini anaonyesha kuwa kuwafungulia wenzako mlango ni sehemu ya usanii. Kwa mama wenu, taja kazi ngapi zililetwa, ngapi zimetundikwa, na kipimo alichochagulia. Manung'uniko huanzia hapo. Aliyeachwa akisikia kipimo hadharani, hata asiporidhika, atajua hakuonewa. Msomee kwanza maneno hayo, ayakubali.

Mbali na dua na salamu kwa sheha na wazee, dakika 3 zatosha, yaani maneno kama 250. Orodha ya vyeti na safari ibandikwe mlangoni. Nawe simama ubavuni mwa picha, usiizibe.

SWALI: Tunatundika picha katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe. Misumari inang'oka na lipu inamwagika. Tufanyeje?
Msomaji, Malindi

JIBU: Acheni misumari. Lipu ya chokaa ni laini na mawe yake ni ya matumbawe; kila pigo huzidi kulegeza tundu. Tena Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo kuta hizo hazitobolewi ovyo.

Tundikeni kutoka kwenye boriti, zile zilizo imara. Kila picha ipate mishipi miwili ya nailoni, na kila mmoja uweze peke yake kubeba uzito wote. Nailoni huteleza fundoni, basi fungeni mara mbili. Pia hurefuka, hivyo tundikeni siku moja kabla, na kesho yake msawazishe. Katikati ya picha iwe kama sm 150 kutoka sakafuni.

Ukuta huo huvuta maji na chumvi kutoka ardhini. Gundisheni vipande vya mbao vya sm 2 nyuma ya fremu, pembe za chini, hewa ipite. Bila hivyo koga huota nyuma ya kitambaa kabla mbele hapajaonyesha dalili.

Wakati wa kubeba, msilaze picha za akriliki (rangi ya maji yenye plastiki) uso kwa uso wala kuzifungia ndani ya mfuko wa nailoni unaogusa rangi. Joto huilainisha rangi, zikagandana, na mkizibandua huchunika. Wekeni karatasi ya kuokea katikati, na zisafiri asubuhi mapema.